Mizani Haijui Kila Kitu: Kupunguza Mwili Ukiwa na PCOS

Mwanamke akiongezeka mwili Bongo hana pa kujificha. Ofisini ataambiwa "shosti umenawiri, ndoa imekukubali!" Kwenye kicheni pati wifi atamkodolea tumbo, kisha amuulize kwa sauti anayodhani ni ya chini, "vipi, tuanze kununua beseni?" Naye atacheka, kwa sababu hana jibu lingine. Siku zake hajaziona mwezi wa tatu huu, kipimo cha mimba kimeshasema hapana mara nne, kidevuni kuna vinywele anaving'oa kila Jumamosi kwa kibano mlango ukiwa umefungwa, na mchana anakula matunda tu. Kilo hazishuki. Zinapanda!

Kama unajiona hapo, au unamwona mkeo, yawezekana tunazungumzia PCOS, mvurugiko wa homoni unaowapata wanawake walio katika umri wa kuzaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya asilimia 6 na 13 ya wanawake wa umri huo wanao, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao hawajapimwa wala hawajui. Yaani si ajabu hata kidogo kumkuta mmoja au wawili katika ofisi yenye wanawake 20. Wala si ugonjwa wa juzi. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliuandika mwaka 1935 baada ya kuwachunguza wanawake 7.

Jina lake ndilo linalowatisha watu bure. Mtu akipigwa altrasaundi akaambiwa ana "vivimbe kwenye ovari", anarudi nyumbani akiwaza upasuaji. Vile si uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vidogo vya mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani bila kupevuka. Na altrasaundi peke yake haitoshi kusema unao. Tangu mwaka 2003 madaktari wanatazama mambo matatu: hedhi isiyoeleweka, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuwa juu, na namna ovari zinavyoonekana. Ukiwa na mawili kati ya hayo, na magonjwa mengine kama ya tezi ya shingo yakiondolewa kwenye orodha, hapo ndipo unaambiwa ni PCOS. Wembamba nao wanaupata, msidanganyane.

Insulini ndiyo inayovuruga mchezo

Sasa kwa nini kilo? Hapa inabidi tuielewe insulini. Hii ni homoni inayofungua milango ya mwili ili sukari iingie kutoka kwenye damu. Kwa wanawake wengi wenye PCOS, kitasa kimeshika kutu. Ufunguo mmoja hautoshi, kwa hiyo kongosho linatoa insulini nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike. Insulini ikizidi, inausukuma mwili kuweka akiba ya mafuta, hasa tumboni, na wakati huohuo inazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kwa wingi. Hizo ndizo zinazoleta ndevu, chunusi za ukubwani na nywele za utosini kupungua, na ndizo zinazozuia yai kupevuka. Mafuta ya tumbo yakiongezeka, kitasa kinazidi kugoma. Mduara umekamilika.

Kuna alama moja ambayo wengi wanaisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu: weusi laini kama mahameli nyuma ya shingo au kwapani. Hauondoki kwa sabuni. Mara nyingi ni insulini hiyohiyo inajitangaza.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu makusudi. Mwanamke mwenye PCOS amezoea kuitwa mvivu na mlafi, na baya zaidi, amezoea kujiita hivyo mwenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa tiba ya PCOS uliotolewa mwaka 2023 unakiri kabisa kwamba ugonjwa huu unaambatana na kuongezeka uzito na kwamba kuudhibiti ni kazi ngumu. Haukusema haiwezekani, lakini unawataka hata madaktari waache kumdhalilisha mtu kwa mwili wake.

Kilo nne na nusu tu?

Habari njema ni kwamba huhitaji kurudi kwenye mwili wa kidato cha nne. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako kunaweza kuwarudishia wengine hedhi, kushusha homoni za kiume na kuongeza uwezekano wa kushika mimba. Mwenye kilo 90, asilimia 5 ni kilo nne na nusu. Hakuna jirani atakayeziona. Ovari zitaziona.

Na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, maana wanamtumikia bosi mmoja tu, yaani mizani. Wiki ya kwanza kilo mbili, shangwe. Wiki ya pili sifuri. Wiki ya tatu imeongezeka nusu kilo, basi bwana, chipsi mayai inaagizwa kwa hasira. Ukweli ni kwamba mazoezi yanaweza kukilainisha kile kitasa cha insulini hata kama mizani haijasogea. Mwili unapona ndani wakati sindano ya mizani imelala palepale. Ukimsikiliza huyo bosi peke yake utaacha kazi siku ambayo ulikuwa umeanza kulipwa.

Tafuta mashahidi wengine. Kalenda ya hedhi ni wa kwanza: kama mwaka jana uliziona siku zako mara nne na mwaka huu mara saba, hayo ni mafanikio makubwa kuliko gauni kukuingia. Tepu ya fundi cherehani ni shahidi mwingine. Pima kiuno mara moja kwa mwezi, uandike. Kipimo cha sukari hospitalini kinastahili kurudiwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, hata kama una miaka 24 na unajiona mzima, kwa sababu PCOS inafungua njia ya kisukari cha ukubwani. Halafu kuna ngazi za ofisini, kama unafika ghorofa ya tatu ukiwa bado unaweza kuongea. Mizani ipande mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, halafu uisahau.

Sahani yetu wenyewe

Mwongozo huohuo wa 2023 unasema wazi kwamba hakuna dayati moja iliyothibitika kuwa bora kuliko nyingine kwa PCOS. Nimefurahi sana kulisoma hilo, maana tumechoka kuambiwa tule parachichi na samoni kama vile tunaishi California. Dawa ipo kwenye sahani yetu, ila imepangwa kinyume. Mlima wa ugali katikati, mchicha kijiko kimoja pembeni ukiogelea kwenye mafuta, na kipande cha samaki cha kuonjea. Geuza. Mboga za majani zichukue nusu ya sahani, matembele au kisamvu au chochote kilichopo sokoni. Maharage, kunde, dagaa, samaki au kuku robo. Ugali uwe robo inayobaki, na ukiwa wa dona badala ya sembe ni bora zaidi. Hakuna ulichokatazwa, na mama mkwe hatagundua kama uko kwenye dayati.

Adui wa kweli mara nyingi ni anayenywewa. Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Chai za ofisini nne kwa siku, kila moja vijiko vitatu, ni vijiko 12 ambavyo havikushibishi chochote. Anza hapo kabla hujagusa chapati. Na usijishindishe njaa kutwa nzima, halafu saa tatu usiku ukakutana na sufuria la wali. Kila mtu anajua nani anashinda pambano hilo.

Kuna msimu wa harusi pia, send-ofu Ijumaa, ukumbini Jumamosi, kuvunja kamati Jumapili. Huwezi kukataa yote na wala sikushauri. Kula pilau lako, acha soda, Jumatatu endelea ulipoishia. Wiki moja mbovu haifuti miezi miwili mizuri, ingawa akili itakuambia imefuta.

Mazoezi lengo lake ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kutembea kwa kasi au mazoezi ya kiasi kama hicho, pamoja na siku mbili za kujenga misuli. Misuli ndiyo inayokula sukari nyingi, kwa hiyo usiogope kunyanyua vitu vizito, hutageuka baunsa. Jimu si lazima. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani kunahesabika, vikundi vya joging vya Jumamosi asubuhi vinahesabika, na matembezi ya dakika 15 baada ya chakula cha usiku yanasaidia kuteremsha sukari ya damu palepale.

Wauza ndoto

Sasa hawa wa kwenye simu. "Safisha kizazi siku saba." "Chai ya kuondoa kitambi na uvimbe wa ovari." Picha mbili, kabla na baada, za wanawake wawili tofauti kabisa! Kizazi hakisafishwi kwa majani, na chai nyingi za aina hiyo zinachofanya ni kukuharisha. Unapoteza maji, unarudi kuyanywa.

Tiba za kweli zipo na zina masharti. Metformini, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya kisukari, inasaidia insulini ifanye kazi. Mwanzoni inavuruga tumbo, ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo, pamoja na chakula. Vidonge vya majira hupewa asiyetaka mtoto kwa sasa ili kurekebisha hedhi, na hili si la kupuuza. Kukaa zaidi ya siku 90 bila hedhi, miezi nenda rudi, kunaufanya ukuta wa kizazi kuwa mnene na kuongeza hatari ya saratani. Sindano mpya za kupunguza mwili zenye semaglutaidi nazo ni za daktari, si za kununua kwa rafiki wa rafiki. Zinataka uzazi wa mpango wa uhakika unapozitumia, na kuziacha angalau miezi miwili kabla ya kuanza kutafuta mimba.

Na wewe mume?

Wanaume wanaosoma ukurasa huu kwa kuchungulia, sogeeni. Mkeo hawezi kubadilisha sufuria la nyumba kama wewe unarudi na mishkaki na soda mbili kila usiku halafu unamwambia "wewe usile, si uko dayati?" Kuleni chakula kimoja. Yale matembezi ya baada ya chakula toka naye, simu ikibaki mezani. Maneno ya kilo mwachie yeye. Akitaka kuyasema atayasema. Ndugu zako wakiuliza habari za mtoto, jibu wewe. Ni ndugu zako.

Mtazame pia moyo. Wanawake wenye PCOS wanapata sonona na wasiwasi zaidi ya wenzao, na mwongozo unataka wapimwe hilo pia. Akiwa amejifungia, amekataa picha, amekataa kuguswa wiki kadhaa, usifikirie moja kwa moja kwamba amekuchoka. Mwulize, halafu mwende wote kumwona mtaalamu.

Kuhusu mtoto, kwanza jua kwamba PCOS si ugumba. Mayai hayapevuki kwa mpangilio, ila yanaweza kupevuka mwezi usioutarajia, na wapo waliobeba mimba wakiwa wameacha kinga kwa kudhani hawawezi. Ikibidi kusaidiwa, dawa inayopendekezwa kuanza nayo ni letrozoli, kidonge cha siku tano tu katika mzunguko. Lakini kabla mkeo hajameza hata kidonge kimoja, kapime mbegu zako. Ni kikopo kimoja na asubuhi moja maabara, na majibu yake daktari anayahitaji sawasawa na ya kwake.