Kaya Ilikuwa Serikali

Wageni wanaofikia Diani huambiwa mambo mawili kuhusu watu wa Kwale: kwamba ni wavuvi na wagema, na kwamba huko misituni wanaroga. La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili limeua watu. Wazee wetu wamekatwa mapanga kwa sababu ya mvi zao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma ya uchawi pana shamba linalotamaniwa na jamaa. Sitanyamaza: nitaeleza wazee hao walikuwa nani.

Toka pwani upande kuelekea Kinango. Minazi inapungua, nchi inakauka, ng'ombe wanazidi. Huku ni kwa Waduruma, wafugaji miongoni mwa jamii tisa za Mijikenda. Wahenga wao walijenga kaya, yaani makazi ya ngome, za Gandini na Mtswakara juu ya vilima vya upande wa Mazeras, wakaacha msitu uzunguke makazi ili mvamizi asipate njia. Hawakuwa na mfalme wala sultani. Mamlaka yalikuwa ya kambi, yaani baraza la wazee, na mtu aliingia kambi kwa kupanda rika baada ya rika. Wazee hao waliamua kesi, walilisha kiapo, walitoza faini ya mifugo, waliomba mvua. Kama hiyo si serikali, serikali ni nini?

Fahari yangu kubwa ni mirathi yao. Mduruma alikuwa na koo mbili kwa pamoja: ukulume wa babake na ukuche wa mamake. Ardhi ilifuata ukulume. Ng'ombe walifuata ukuche: mtu akifa, kundi lake lilikwenda kwa ndugu wa tumbo moja, kisha kwa wana wa dada yake. Tazama hekima iliyomo. Mwana alibaki na shamba la babake lakini mifugo aliitazamia kwa mjomba, kwa hiyo hakuthubutu kuwavunjia heshima wa kuumeni wala wa kukeni. Utajiri wa mtu mmoja haukulundikana katika boma moja kizazi hata kizazi. Na mwanamke, hata akiolewa mbali, alibaki kuwa mlango ambao mali ya ukoo ilipitia. Leo baba humrithisha mwanawe kila kitu, na dada hana neno.

Ya ngoma, ya harusi na ya juma la siku nne, wengine wameyaandika. Mimi nalia na baraza.

Maana misitu yenyewe imepata watetezi. Kuanzia 1992 kaya zilitangazwa kumbukumbu za taifa, na 2008 UNESCO ikaziingiza kadhaa katika Urithi wa Dunia, zikiwemo Gandini, Mtswakara na Kinondo ya Wadigo, jamii nyingine ya Mijikenda. Pale Kinondo mgeni hufungwa kaniki, hufuata njia aliyoonyeshwa, haokoti hata kijiti. Kilima cha Mrima nacho, chenye kaya na madini ya niobiamu, kilinusurika 2013 serikali ilipofuta leseni ya kuchimba. Nashukuru. Lakini mwaka 2009 UNESCO hiyohiyo iliziorodhesha mila za kaya kuwa zahitaji kuokolewa kwa haraka. Miti imelindwa, mzee aliyeilinda anaogopa kulala nyumbani kwake.

Nani atailinda kaya isiyo na kambi? Askari wa misitu hajui kiapo, na kijana asiyemheshimu mzee hataogopa kukata mti wake.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama kukuza njia za jadi za kutatua migogoro. Basi mahakama za Kwale zianzie hapo: ugomvi wa malisho na maji Kinango usikilizwe kwanza na wazee, wanawake wa ukoo wakiwa ndani ya kikao, kwani mali ilipita kwao. Na anayemwita mzee mchawi ili amrithi shamba afikishwe kizimbani kabla damu haijamwagika.