Kwa nini mizinga ya farasi haikuvuta Kigoma

MSOMAJI wa historia ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hukutana mara kwa mara na vikosi vya mizinga ya farasi vya Uingereza. Vingi vilikuwa vya askari wa akiba, yaani makarani, wakulima na wafanyabiashara waliofanya mazoezi ya kijeshi baada ya kazi zao, chini ya Jeshi la Akiba lililoundwa mwaka 1908. Kikosi cha Berkshire, kwa mfano, kilikuwa na mizinga minne tu, kila mmoja ukivutwa na farasi huku wapigaji wake nao wakipanda farasi. Kilipelekwa Misri mwaka 1915, kikapigana Aden mwezi Julai, kisha kikaendelea hadi Palestina.

Swali ni kwa nini vikosi vya namna hiyo havikuonekana katika nyanda za Manyovu, Kasulu na Kibondo, ambako nako kulikuwa na vita.

Jibu kubwa ni mbung'o. Mdudu huyu hueneza vimelea vinavyoua farasi na ng'ombe katika muda mfupi, na mwaka 1914 hapakuwa na tiba ya kutegemewa. Walowezi wa Kenya walijaribu. Agosti 1914 waliunda Nairobi kikosi chao cha kujitolea cha wapanda farasi, nacho kikapigana Longido Novemba 3 mwaka huo. Lakini maradhi, miongoni mwa mambo mengine, yalikimaliza taratibu. Waafrika Kusini waliokuja mwaka 1916 walipoteza farasi kwa maelfu.

Kwa upande wa Kigoma, waliosonga mbele walikuwa Wabelgiji kutoka Kongo. Jeshi lao lilivuka Urundi, likaiteka Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na Tabora Septemba 19. Mizinga yao midogo ya milimita 70 ilifunguliwa vipande vipande na kubebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, katika milima ambayo hata leo lori hupanda likilalamika.

Wajerumani nao hawakuwa na njia nyingine. Meli yao ya kivita Königsberg ilipoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 iliokolewa. Mmoja ulifika Kigoma na kufungwa juu ya meli ya Goetzen, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Liemba. Mingine ilikokotwa porini na mamia ya watu kwa kamba.

Hivyo kazi ya farasi ilifanywa na binadamu, wengi wao wakikamatwa kwa nguvu. Kwa upande wa Waingereza pekee, makadirio hutaja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi.

Mbung'o aliendelea kuwa tatizo baada ya bunduki kunyamaza. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamishia wakazi wengi wa Buha katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwonyesha askari peke yake. Ile ya Nairobi inaye na mpagazi. Jijini Dar es Salaam mpagazi amebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza, ingawa wengi wanaokwenda sokoni hapo hawana habari.