Kuifundisha Kompyuta Fumbo la Mto

Bujora iko karibu na Kisesa, yapata kilomita 20 mashariki ya mji wa Mwanza. Mtu akiendelea mbele kuelekea mashariki atafika mto Simiyu, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Barabarani mto huu una daraja. Lakini tuseme mtu mmoja wa Bujora amefika ukingoni mahali pasipo daraja, naye ana chui, mbuzi, na mzigo wa majani. Ana mtumbwi mdogo, usioweza kuchukua ila yeye mwenyewe na kitu kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Je, atavukaje asipoteze chochote?

Fumbo hili ni la kale sana. Huko Ulaya limo katika mafumbo ya Kilatini yanayosemekana yalikusanywa na mwalimu Alcuin, aliyekufa mwaka 804. Katika Afrika nako watu husimuliana mafumbo kama hili, kwa wanyama na vyakula vya nchi yao. Mwenye akili hulifumbua kwa kufikiri. Lakini kompyuta haina akili ya namna hiyo. Basi, yawezaje kulifumbua?

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Mashine za siku zile zilikuwa kubwa, lakini kumbukumbu zao zilikuwa ndogo mno. Mtu aliyetaka kuzitumia aliandika amri zake moja moja kwa taratibu, nazo zikatobolewa katika kadi za karatasi ngumu ili mashine ipate kuzisoma. Mfululizo wa amri hizo huitwa programu. Kwa kuwa nafasi ilikuwa haba, mwandishi wa programu alijifunza kusema mengi kwa maneno machache.

Jambo la kwanza ni kugeuza fumbo liwe hesabu, kwa maana kompyuta haijui chui wala mbuzi. Tumpe mtu tarakimu 8, chui 4, mbuzi 2, na majani 1. Kisha tujumlishe tarakimu za wale walio ng'ambo ya pili tu. Mwanzoni hakuna aliyevuka, kwa hiyo jumla ni 0. Wote wakiisha kuvuka, jumla ni 15. Mtu na mbuzi wakiwa ng'ambo, jumla ni 10. Kila hali ina namba yake, wala hapana hali mbili zenye namba moja. Hivyo fumbo zima lina hali 16 tu, toka 0 hata 15.

Ili tuone vizuri kazi ya mashine, tutwae bao. Bao lina safu 4 za mashimo manane manane. Katika Usukuma mchezo wa jamii hiyo huitwa isolo. Upande wa mchezaji mmoja una mashimo 16, sawasawa na hali za fumbo letu. Tuyahesabu mashimo hayo kuanzia 0 mpaka 15. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mashine yetu.

Jambo la pili ni kuiambia mashine yaliyokatazwa. Tutie jiwe katika shimo la 3, la 6, la 7, la 8, la 9 na la 12, kwa kuwa katika hali hizo mbuzi ataliwa au majani yataliwa. Kwa mfano, 8 maana yake mtu amevuka peke yake, akawaacha wote watatu nyuma. Mashimo yaliyobaki wazi ni 10.

Jambo la tatu ni kuiambia jinsi ya kwenda. Kila mara mashine ijaribu njia nne kwa utaratibu huu: mtu avuke peke yake, au na chui, au na mbuzi, au na majani; lakini asichukue kitu kisichokuwa upande wake. Akivuka kwenda ng'ambo, tarakimu zao huongezwa, akirudi, hutolewa. Njia ikifika penye jiwe, mashine iiache, ijaribu inayofuata.

Je, amri hizo zatosha? Na tutazame. Toka 0, mtu peke yake hufika 8, pana jiwe. Na chui hufika 12, pana jiwe. Na mbuzi hufika 10, ni salama. Toka 10 mtu hurudi peke yake, hali inakuwa 2. Sasa mashine huanza tena na njia ya kwanza: mtu avuke peke yake. Jumla ni 10, wala hapana jiwe. Kisha hurudi 2, kisha 10, kisha 2. Mtu maskini atapiga kasia kwenda na kurudi pasipo mwisho! Mtoto angechoka, angesema, "Hapa nimekwisha kupita." Mashine haichoki, wala haisemi neno.

Kosa si la mashine, ni la aliyeiamuru. Imepungua amri moja: kila shimo lililofikiwa litiwe kete, na lenye kete lisiingiwe tena. Kwa amri hiyo, mashine ikiwa katika 2 huona kete katika 10, nayo hujaribu njia ya pili, mtu na chui, ikafika 14. Toka hapo mtu hurudi na mbuzi, ikawa 4. Huvuka na majani, ikawa 13. Hurudi peke yake, ikawa 5. Mwisho huvuka na mbuzi, ikawa 15. Safari ni saba, wala hakuna kilicholiwa.

Katika mafumbo makubwa zaidi mashine huweza kufika mahali ambapo njia zote zimezibwa. Hapo yapasa iwe na amri nyingine: irudi nyuma hatua moja, ijaribu njia ambayo bado haijajaribiwa.

Mwaka 1843 Ada Lovelace wa Uingereza, akieleza mashine ya kuhesabu iliyobuniwa na Charles Babbage, aliandika kwamba mashine ile haiwezi kuanzisha jambo kwa nafsi yake. Hufanya lile tu ambalo sisi twajua kuiamuru. Katika fumbo, amri iliyosahauliwa humpotezea mtu mbuzi wa kufikirika. Lakini kompyuta hupewa pia hesabu za mishahara na za dawa za wagonjwa, na huko amri iliyosahauliwa huumiza watu wa kweli. Kwa hiyo mwandishi wa programu huijaribu kwanza kwa mkono, hatua kwa hatua, kama sisi tulivyofanya kwa kete na mawe.

Maswali

1. Hali ya 11 maana yake nini? Je, ni salama?
2. Kwa nini shimo la 9 lina jiwe?
3. Toka 2, mtu angeweza kuvuka na majani badala ya chui. Ifuate njia hiyo katika bao mpaka ufike 15. Je, ni safari ngapi?