Ugonjwa wa sukari na fizi: palilia kwanza, mbolea baadaye



Kila kipindi cha kuuza kahawa, kwenye masoko yetu tunaona wauzaji wa chupa na vidonge vya nyongeza: vitamini, mafuta ya samaki, unga wa majani. Wanasema vinaponya fizi za mwenye ugonjwa wa sukari. Sisi ni watu wa kilimo, hatuko waganga, lakini swali hili linagusa chakula na makuta ya jamaa. Njo maana tunaandika.

Sukari na fizi vinaharibiana

Sukari ikizidi katika damu, mwili unapigana na vijidudu kwa shida, na kidonda kinakawia kupona. Fizi zinavimba, zinatoka damu, mdomo unanuka, meno yanaanza kulegea. Tena, fizi zilizooza zinapandisha sukari, juu ya uvimbe wa kila siku unazuia insulini kufanya kazi vizuri.

Chanzo ni uchafu unaoshika kwenye meno na kugeuka mgumu kama jiwe, mpaka chini ya fizi. Mswaki hauuondoi. Kidonge pia hakiuondoi. Muganga wa meno anaukwangua na vyombo vyake. Uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya wagonjwa wa sukari ulionyesha kwamba kazi hiyo inashusha kipimo cha HbA1c (sukari ya miezi 2 mpaka 3) kwa karibu 0,4. Aliye na 8,4 anaweza kufika karibu 8,0. Si kidogo.

Na vidonge vya nyongeza?

Waganga wamejaribu omega-3, vitamini C, vitamini D na vingine, pamoja na kukwangua meno. Omega-3 ilisaidia fizi kiasi katika majaribio fulani. Vingine matokeo yake hayalingani. Majaribio mengi yalikuwa ya watu wachache na ya miezi michache. Na yote yalianza na kusafisha meno.

Nyinyi munajua shamba la maharagwe lililojaa majani mabaya: ukitia mbolea mbele ya kupalilia, umelisha majani mabaya. Fizi ni vilevile.

Kuna hatari pia. Vitamini D ikizidi inaumiza figo. Omega-3 nyingi, kwa mtu anayekunywa dawa za kulainisha damu, inaweza kuongeza kutoka damu. Vitamini C nyingi inaweza kudanganya mashini fulani za kupima sukari. Kwa hiyo, chupa yoyote munayokunywa, muionyeshe muganga.

Vile shamba linatoa

Kwa vitamini C, pera moja bivu linapita chungwa. Ule tunda lenyewe, usifanye juisi: juisi inapandisha sukari haraka. Lengalenga zipikwe muda mfupi, ju moto mrefu unaua vitamini C. Sambaza na ndagala wanaleta protini na omega-3. Wakiwa na chumvi nyingi, waloweke na kumwaga maji. Mti mmoja wa mapera kwenye lupango unazaa miaka mingi. Chupa inaisha kwa mwezi.

Mambo ya kufanya

1. Fizi zikitoka damu, uende kituo cha afya, uombe wakutume kwa muganga wa meno. Umwambie wazi kwamba uko na ugonjwa wa sukari.
2. Siku ile usiende na njaa, na usiache dawa zako, isipokuwa muganga amekuambia.
3. Piga mswaki asubuhi na mbele ya kulala, na dawa ya meno yenye floridi. Maji ya chumvi yanatuliza tu.
4. Acha tumbako.
5. Usiache vidonge vya sukari wala insulini juu ya chupa ya sokoni.
6. Ukivimba uso, ukipata homa au usaha, uende siku ile ile.

Makuta yakiwa machache, yaanze kwa kusafisha meno. Yanayobaki yanunue sambaza.