Kiti cha Pweza na Usafi wa Tangi la Maji ya Bahari

Tangi la kioo lililojazwa maji ya bahari ni bahari ndogo isiyojua kupwa wala kujaa. Katika bahari halisi, kinyesi cha samaki na masalio ya chakula huchukuliwa na mikondo na kutawanyika. Ndani ya tangi hubaki pale pale yalipoangukia. Ndiyo maana wafugaji wengi hutafuta mnyama wa kuwasaidia kazi ya usafi, na mmojawapo ni kiti cha pweza. Fikira hii si ngeni. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi alivyotia konokono katika chombo cha samaki wa maji baridi ili wale majani yaliyokuwa yakioza. Makala haya yanaeleza kiti cha pweza anaweza kufanya nini, na asiloweza ni lipi.

Safari ya uchafu

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na kinyesi na chakula kinachooza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu kali kwa samaki. Bakteria waishio juu ya mawe, mchanga na chujio huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa mpaka iwe nyingi.

Sasa tumtazame kiti cha pweza katika safari hii. Alapo mabaki ya chakula, sehemu ya naitrojeni iliyomo hujenga mwili wake, na sehemu nyingine huitoa majini ikiwa amonia. Kwa hiyo yeye haondoi uchafu ndani ya tangi, bali huubadilisha umbo tu. Faida yake ni kwamba hufika mahali ambapo mkono wa mfugaji haufiki, akala kilichofichika kabla hakijaoza, na kwa kutembea kwake huutifua mchanga wa juu.

Si wote walao taka

Jina moja lisitudanganye, kwani viti vya pweza ni wa aina nyingi na kila aina ina chakula chake. Walio wa jamii ya Archaster hulitoa tumbo lao nje kupitia mdomoni, wakalitandaza juu ya mchanga na kumeng'enya chembechembe zilizopo. Hawa kweli hula masalio.

Walio wa jamii ya Astropecten pia hujifukia mchangani na huuzwa kwa sifa hiyo hiyo ya usafi, lakini ni wawindaji. Humeza konokono na chaza wadogo wakiwa wazima, na kwa kuwa hawana tundu la nyuma, maganda huyatema kwa mdomo ule ule. Hula pia viumbe wengine wadogo wa mchangani. Hapo pana hasara isiyoonekana upesi, maana viumbe hao ndio wasafishaji wenyewe wanaosaga masalio usiku na mchana. Mfugaji anayemtia Astropecten katika tangi dogo huwa amewafukuza wafagiaji wengi ili aajiri mmoja.

Aina nyingine, Protoreaster lincki, mwenye miiba myekundu, apatikanaye pia katika pwani ya Afrika Mashariki, hupendeza macho lakini hula sifongo na wanyama wengine wasiohama. Hafai kuwekwa pamoja na matumbawe.

Wafaao zaidi ni jamaa zao wenye mikono myembamba inayokatika upesi. Ophiocoma scolopendrina, aishiye katika nyufa za miamba ya pwani yetu, hunyoosha mikono yake maji yanapojaa na kuzoa utando wa chakula uelezao juu ya maji.

Hatari ya njaa

Mchanga ukiisha chakula, kiti cha pweza hafi mara moja. Hukonda kidogo kidogo kwa miezi, mikono ikasinyaa na ncha zake zikaanza kuoza. Akifia chini ya mchanga bila kuonekana, mwili wake hutoa amonia nyingi, na aliyeletwa kusafisha huwa sababu ya vifo vya samaki.

Masharti ya kumfuga

Mfugaji na asubiri miezi kadhaa hadi tangi likomae. Mgeni azoeshwe maji mapya tone kwa tone, kwa saa moja au zaidi, kwa kuwa mwili wake hauwezi kurekebisha kiasi cha chumvi. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi hubaki. Basi pengo lijazwe kwa maji baridi, si ya bahari. Dawa za samaki zenye shaba zisitumiwe, kwani humwua. Chakula kikipungua, awekewe kipande kidogo cha kome au kamba, na kinachobaki kiondolewe.

Zaidi ya hayo, maji yabadilishwe. Tangi lenye miligramu 40 za naitreti kwa lita, likibadilishwa robo ya maji kwa maji yasiyo na naitreti, hushuka hadi miligramu 30. Kazi hiyo kiti cha pweza hawezi kuifanya. Mwenye kumfuga na ampime kwanza kama mlaji anayehitaji riziki, ndipo amhesabu kuwa msaidizi.