Wamama wakimbizi na kazi: kupokelewa peke yake haitoshi

Hapa Shituru Zambia tunaijua sana juu ya bunga inayopitia Kasumbalesa. Lakini mwaka 2017 watu wengi wa Pweto na Moba walivuka mupaka kukimbia vita, wakafika mukoa wa Luapula. Mwaka 2018 Zambia ikawafungulia makao ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge. Kule familia inapata kiwanja na kipande cha shamba. Ni jambo la kushukuru.

Sasa ulizo ni hili: tuseme mama alikuwa mwalimu Pweto. Anaweza kufundisha kule?

Siyo rahisi, juu ruhusa ya kuishi na ruhusa ya kufanya kazi ni vitu viwili. Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 17, unasema mukimbizi akimaliza miaka 3 katika inchi, vizuizi vinavyowekewa wageni ili kulinda kazi za wenyeji visimuguse tena. Zambia iliukubali mkataba, lakini ikaweka sharti lake: hata kisha miaka 3, karatasi ya kazi bado inaombwa. Tena, juu ya kifungu cha 26, ilijiachia haki ya kuwachagulia wakimbizi mahali pa kukaa. Kwa hiyo kutoka makaoni kwenda soko la mbali, nako kunaomba ruhusa.

Uganda ilichukua njia ingine. Sheria yake ya 2006 inamupa mukimbizi haki ya kutafuta kazi na ya kutembea. Lakini hata kule diploma ya kwetu, iliyoandikwa Kifaransa, inapaswa kutafsiriwa na kuhakikishwa kwanza, na ile inakula feza. Kama diploma ilibaki katika nyumba iliyoungua? Na mtoto, atabaki na nani? Ndiyo maana mwalimu anajikuta anauzisha nyanya.

Miradi mingi inakimbilia kugawa cherehani. Cherehani ni nzuri, lakini haifungui mlango uliofungwa na karatasi.

Sisi tuliosoma droit, uchumi ao pedagogie, mbele ya kuandika mradi wowote wa wamama wakimbizi, tuulize kwanza: anaruhusiwa kutembea? Anaruhusiwa kufanya kazi? Diploma yake inatambuliwa? Nani anamulindia mtoto? Jibu moja likiwa hapana, tuanzie pale.