Siku ya Matangazo: Chombo ni cha Nani?

Katika semina tuliyoiendesha Choma, mkoani Tabora, mwanasemina mmoja alituuliza: "Ndugu Mkufunzi, Waingereza walikuwa na televisheni tangu mwaka 1936. Kenya walianza 1962, Uganda 1963. Ndugu zetu wa Zanzibar waliipata katika miaka ya 1970, tena ya rangi. Sisi bara tulingoja mpaka 1994. Je, hatukuachwa nyuma?"

Swali hili ni zito, na kada hawezi kulijibu kwa kaulimbiu. Tulichambue.

Ratiba humtaja mwenye chombo

Zamani habari zilipita katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo na habari pamoja. Lakini mwenye mzigo ndiye aliyeamua msafara uondoke lini na upite wapi. Chombo cha habari nacho kina mwenyewe. Ukitaka kumjua, tazama ratiba ya siku moja.

Tuchukue siku ya kazi Uingereza mwaka 1954. Kituo kilikuwa kimoja, cha BBC, nacho kiliendeshwa kwa ada ya leseni bila matangazo ya biashara. Mchana palikuwa na vipindi vya akina mama na watoto wadogo. Jioni, vya watoto wa shule. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 usiku kituo kilifungwa kabisa, ili wazazi wawalaze watoto. Kisha zilifuata tamthilia, muziki na mazungumzo, na kabla ya usiku wa manane wimbo wa taifa ulifunga siku. Ratiba hiyo ilimwona mtazamaji kama mtoto wa kulelewa, na serikali ndiyo iliyoweka kikomo cha saa.

Tarehe 22 Septemba 1955 ikaanza televisheni ya makampuni. Tangazo lake la kwanza la biashara lilikuwa la dawa ya meno. Kwa makampuni hayo, saa moja bila matangazo ilikuwa hasara, na Februari 1957 pengo lile la jioni likaondolewa. Mwenye chombo alipobadilika, na ratiba ilibadilika: mtoto wa kulelewa akawa mteja.

Tusisahau pia kwamba tarehe 2 Juni 1953 watu wapatao milioni 20 Uingereza walitazama Malkia Elizabeth akitawazwa. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini uliosimamiwa na utawala huo huo, lakini mkulima wa Choma, aliyetawaliwa, hakuhesabiwa miongoni mwa watazamaji.

Uamuzi wetu

Baada ya Uhuru, wengi wa wananchi waliishi vijijini bila umeme. Mitambo na seti zingenunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilitokana kwa sehemu kubwa na jasho la mkulima. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikaona kwamba televisheni bara ingekuwa starehe ya wachache wa mijini inayolipiwa na wengi wa vijijini. Ikachagua redio, ambayo betri zake zinaweza kuuzwa hata katika duka la kijiji.

Matunda yake yalionekana mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili malaria, kichocho na safura, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Siri ya kampeni hiyo ni kwamba redio ilipozimwa, kazi ndiyo ilianza.

Lakini tujikosoe. Si kila kipindi kilikuwa Mtu ni Afya. Kwa miaka mingi mkulima aliwasikia viongozi kuliko viongozi walivyomsikia yeye. Betri zilipoadimika dukani, hata sauti hiyo ilikatika. Chombo kuwa mali ya umma ni hatua ya kwanza. Umma kusema kupitia chombo hicho ni hatua ya pili, na katika hatua hiyo tulisuasua.

Jibu letu

Basi tulimjibu mwanasemina hivi: kuchelewa kupata seti si lazima kuwe kuachwa nyuma. Ameachwa nyuma yule anayetazama mchana kutwa asiweze kuuliza wala kutenda. Leo vioo viko mikononi mwa vijana, hata huku Choma, na havifungwi saa 12 jioni. Swali la mwaka 1954 halijafa.

Kada anayeongoza kikundi aanze na maswali haya matatu:

1. Nani anapanga tunachokiona, na anapata nini?
2. Nani katika kijiji chetu hafikiwi?
3. Baada ya kutazama, tumejadili nini, na kesho tutafanya nini pamoja?

Kikundi kikishindwa kulijibu swali la tatu, hata chombo kiwe cha kisasa namna gani, bado sisi ni wapagazi katika msafara wa mwingine.